Katmai, Alaska: hifadhi ilianzishwa kwa ajili ya moshi, moshi ukazima, wakabaki dubu

Mtoa_Mabondo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi wa mbuga za ajabu duniani, mtu akaitaja Katmai kwa sentensi moja tu, "ipo Alaska, ina dubu", akapita zake. Iliniuma. Nimesubiri mwingine aifungulie uzi, naona kimya, basi nafungua mwenyewe.

Kwanza mjue nazungumza kutokea wapi. Mimi ni mtoto wa Mwanza. Kabla ya kuvuka maji nilikuwa kiwanda cha minofu ya sangara, kitengo cha kutoa mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki. Bahati nasibu ya viza ikanitoa, nikafikia kwa shemeji yangu Anchorage. Kazi niliyoikuta? Samaki. Kuanzia 2021 kila Juni nashuka Naknek, kijiji kilicho mdomoni mwa mto Naknek, ghuba ya Bristol, nakata salmoni wiki sita mfululizo, saa kumi na sita kwa siku, halafu narudi mjini nikiwa na vidole vilivyovimba na hela ya kodi ya nyumba.

Salmoni wa pale wanatoka baharini kuja kuzaa kwenye maji baridi walikozaliwa. Wanapita mbele ya kiwanda chetu, wanapanda mto, wanaingia ziwa Naknek. Hilo ziwa ndilo lango la hifadhi. Mbele yake kuna kamto kanaitwa Brooks, urefu wake hata kilomita mbili na nusu hakafiki, na katikati kana maporomoko ya kimo cha mtu mrefu, kama mita mbili. Samaki lazima aruke. Na pale juu dubu amekaa anamsubiri.

Kwa hiyo samaki anayetuponyoka sisi anakwenda kukutana na dubu. Nilikata samaki msimu mzima wa kwanza bila kujua hilo, hadi Mfilipino mmoja wa laini yetu aliponionyesha kwenye simu, kamera iko hewani moja kwa moja, dubu amepanga foleni. Nikamuuliza ni wapi huko. Akaniambia: hapo juu ya mto.

Nilikwenda mwisho wa Julai 2022. Nitaendelea, ngoja nile.

Kipara_wa_Ilemela

Mtoa mabondo mwenzangu! Nimeweka kigoda, endelea mkuu.

Mama_Nuru

Swali la haraka kabla hujaendelea: kiingilio dola ngapi? Maana wakisikia watalii tu huwa wanatukamua.

Mtoa_Mabondo

Mama Nuru, kiingilio bure. Hakuna hata geti la kukusanyia hela. Ila usishangilie, kwani hakuna barabara. Kutoka Naknek hadi King Salmon kuna lami ya kilomita kama 24, na lami hiyo haiungani na barabara nyingine yoyote duniani. Kutoka King Salmon unapanda ndege ndogo yenye maboya chini badala ya matairi, dakika ishirini na kitu, inatua ziwani na kukushusha ufukweni. Nauli ya hiyo ndege ndiyo kiingilio chako. Nililipa mshahara wa siku tatu, na sisi tulikuwa jirani. Anayetokea Dar ahesabu mwenyewe.

Ukishuka hupewi ruhusa ya kuzurura. Wote mnapelekwa darasani, mnaonyeshwa filamu fupi, askari wa hifadhi anawasomea masharti, mnavalishwa pini ya dubu kuonyesha mmehitimu. Mtu mzima na ndevu zangu nimevalishwa pini kama mtoto wa chekechea. Masharti yenyewe: kaa umbali wa mita 45 hivi kutoka kwa dubu yeyote, usikimbie, piga makofi au ongea unapotembea njiani ili usimshtue, na chakula usitembee nacho kabisa, kina nyumba yake kinahifadhiwa. Njiani unaruhusiwa maji matupu, soda hapana.

Hapo nikaingiwa na baridi. Koti langu lilikuwa lile lile la kiwandani. Nilikuwa nimelifua mara tatu lakini harufu ya samaki haitoki, watu wa mialoni mnaelewa. Nikamwambia askari ukweli wangu. Akalinusa, akacheka, akasema watu wa Naknek wote wananuka hivyo, weka ndani vaa hili la mvua. Nikaazimwa koti.

Dereva_Mto_wa_Mbu

Mkuu mimi naongoza wageni Kaskazini, mwaka wa 14 huu. Huku mgeni hashuki kwenye gari bila sababu. Unaniambia huko mnatembea kwa miguu katikati ya dubu wa kilo mia tano? Nani aliyekubali utaratibu huo?

Mtoa_Mabondo

Kwa miguu kaka. Kuna njia za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo na majukwaa yenye milango, la maporomoko wanaingia watu 40 tu kwa wakati, wengine mnaandika majina mnasubiri zamu. Lakini kutoka ufukweni hadi kwenye njia hizo unakanyaga ardhi ile ile anayokanyaga dubu. Mahali pa kulala kwa mahema pamezungushiwa uzio wa umeme. Dubu akilala kwenye njia mnasimama wote, hata nusu saa, hakuna anayepiga honi. Ndege inaweza kukuacha na hakuna wa kumlalamikia.

Nilimuuliza askari swali lako hilo hilo. Alinipa sababu mbili. Moja, dubu wale wameshiba; kwenye maporomoko dubu mmoja mkubwa anaweza kula salmoni zaidi ya thelathini kwa siku, wewe huna mafuta ya kumvutia. Pili, hakuna dubu pale aliyewahi kuzoezwa kwamba binadamu ni chakula au anabeba chakula. Siku atakapoonja sandwichi moja hesabu imeharibika. Ndiyo maana ya ule ukali wa soda.

Dereva_Mto_wa_Mbu

Hapo pa chakula nimekuelewa. Nyani wa njia ya Manyara walianza na ndizi moja tu.

Mtoa_Mabondo

Haya, nirudi kwenye kichwa cha uzi, maana wengi mnadhani hifadhi iliwekwa kwa ajili ya dubu. Hapana.

Tarehe 6 Juni 1912 mlima ulilipuka kule. Ulidumu kama saa sitini. Ndio mlipuko mkubwa wa volkano kuliko yote ya karne ya 20: uji wa mawe uliotoka ardhini ulikaribia kilomita za ujazo 13, mara thelathini ya ule wa Mlima St. Helens, huko huko Marekani, wa 1980 ambao dunia nzima iliuona kwenye televisheni. Mshindo ulisikika mji wa Juneau, kilomita 1,200 kutoka pale, saa nzima baadaye. Kisiwa cha Kodiak, kilomita 160 ng'ambo ya mlango wa bahari, giza liliwashukia siku tatu. Mtu alikuwa ananyosha mkono umeshika taa na taa yenyewe haioni. Majivu yalifikia unene wa kama sentimita 30, mapaa yakaporomoka, watu wakakimbilia melini.

Na bado hakuna mtu anayejulikana kufa moja kwa moja kwa mlipuko ule. Ardhi ilitetemeka siku kadhaa kabla, na wenyeji, Waalutiiq, wengi wao walikuwa wameshaondoka vijijini. Wale wa kijiji cha Katmai walikuwa uvuvini ghuba ya Kaflia, kiangazi ndio wakati wake. Meli ya serikali iitwayo Manning ilikwenda kuwachukua wakahamishiwa mahali papya, pakaitwa Perryville kwa jina la nahodha wa meli hiyo. Wale wa Savonoski, upande wa ziwani, waliteremka mto hadi jirani na Naknek wakajenga Savonoski Mpya. Vijiji vya zamani hawakurudi tena kuviishi. Kando ya mto Brooks wachimbuaji wamekuta mashimo ya nyumba na alama za watu waliokaa pale zaidi ya miaka 4,000. Kwa hiyo neno "pori lisilo na watu" mlisome mkijua hivyo.

Mukongomani_wa_Goma

Kaka, sisi batu ya Goma tunaelewa hii. Mwaka 2002 volkano yetu Nyiragongo iliingia mpaka katikati ya mji, na 2021 mwezi wa tano ilirudia usiku, tukakimbia na matandiko kichwani kwenda Gisenyi. Lakini yetu ni moto unatembea kama maji. Hiyo ya kwenu ilikuwa moto ama majivu?

Mtoa_Mabondo

Ndugu wa Goma, poleni kwa hayo. Ya Katmai ilikuwa majivu na mawe mepesi yale yenye matundu, yaliyotoka na gesi ya moto kwa kasi, yakashuka bondeni yakalijaza. Bonde la kilomita za mraba zaidi ya mia moja lilifukiwa, sehemu nyingine kina kinafika mita 200. Fikirieni jengo refu la posta limefukiwa lote na antena.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote. Watu walipofika waliukuta Mlima Katmai hauna kilele, umetumbukia, umebaki kreta kubwa yenye ziwa ndani. Wakasema: mlipukaji ni huyu. Kwa miaka arobaini vitabu viliandika hivyo. Miaka ya 1950 wanajiolojia wakapima unene wa majivu wakaona yananenepa kuelekea kwingine, kwenye kichuguu kimoja cha mawe meusi kilomita kumi upande wa magharibi. Jina lake Novarupta. Uji ulikuwa chini ya Mlima Katmai lakini ukapitia mlango wa jirani, mlima ukabaki mtupu ndani, ukadondoka. Katmai alisingiziwa miaka arobaini.

Kipara_wa_Ilemela

Yaani Novarupta kaiba, Katmai kafungwa 😂😂 hii nchi gani?

Mwanafunzi_Jiografia

Samahani wakuu, mlipuko wa Pinatubo, Ufilipino, 1991 si ndio mkubwa?

Mtoa_Mabondo

Pinatubo ni wa pili wake kwa karne hiyo. Watu waliokuwa karibu walikuwa wengi mno, ndiyo maana unajulikana zaidi.

Sasa moshi. Mwaka 1916 mtaalamu wa mimea, Robert Griggs, aliyetumwa na jumuiya ya National Geographic kuangalia mimea inarudi vipi baada ya majivu, alipanda hadi kwenye mgongo wa milima akachungulia upande wa pili. Akakuta bonde zima linafuka. Maelfu ya matundu yanatoa mvuke, maji ya mito na theluji yaliyofunikwa chini ya majivu ya moto yanachemka. Akaliita Bonde la Moshi Elfu Kumi. Wenzake msafara uliofuata walipikia kwenye matundu hayo. Kelele ikawa kubwa Marekani, na tarehe 24 Septemba 1918 Rais Wilson akatangaza eneo lihifadhiwe. Kwa sababu ya moshi. Dubu hawakuwa hoja.

Tatizo ni kwamba moto ulikuwa kwenye majivu yenyewe, haukuwa na mzizi chini. Ni sufuria iliyoepuliwa. Kufika miaka ya 1930 karibu matundu yote yalikuwa yamepoa. Walihifadhi kitu ambacho hakikuwa na mpango wa kubaki.

Mwaka 1931 Rais Hoover akapanua mipaka zaidi ya mara mbili, na safari hii dubu wakatajwa, sehemu kubwa ya ziwa Naknek na Brooks zikaingia ndani. 1980 ikawa hifadhi ya taifa kamili. Ukijumlisha na sehemu inayoruhusiwa uwindaji ni kilomita za mraba zaidi ya 16,000. Inaipita Serengeti. Dubu wanakadiriwa 2,200. Na volkano hai hazipungui 14.

Bint_Pangani

Ahsante sana kaka, unasimulia vizuri. Hilo bonde ulifika au unatuhadithia ya vitabuni?

Mtoa_Mabondo

Dada, nilifika mwaka uliofuata, 2023. Kuna basi moja linatoka Brooks, njia ya vumbi ya kilomita 37, inavuka vijito ndani ya maji, inaishia kwenye ukingo. Ukisimama pale unaona jangwa, rangi ya ugali wa muhogo na wekundu kidogo, milima ya theluji imelizunguka, hakuna mti hata mmoja ndani yake miaka mia na zaidi baadaye. Kelele pekee ni ya maji. Mito imechimba majivu ikapata mifereji mirefu kwenda chini, myembamba kiasi kwamba sehemu nyingine mtu anaweza kujidanganya ataruka. Usiruke. Wanaanga wa Apollo waliletwa hapo 1965 na 1966 kujifunza kusoma mawe kabla ya kwenda mwezini.

Niliokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, nikaliinua kwa vidole viwili, jepesi kama mkate wa mofa uliokauka. Ukirudi ziwani unayakuta yanaelea ufukweni. Nilirudisha, kubeba hairuhusiwi.

Na ile 1912 haijaisha. Kiangazi kikiwa kikavu na upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma, majivu yale yale yanainuka tena yanakwenda Kodiak, marubani wanapewa tahadhari. Mwenyeji wa Kodiak anaweza kufuta meza leo vumbi la mlipuko wa enzi za Mjerumani kwetu.

Mukongomani_wa_Goma

Hiyo ya vumbi imenishika.

Mzee_Kijana

Dubu wako wapi bwana? Tumekaa hapa tangu jioni. Na nasikia kuna uchaguzi wa dubu wanene, ni kweli au uzushi wa mtandaoni?

Mtoa_Mabondo

Mzee Kijana, ni kweli tupu. Wiki ya Dubu Wanene. Ilianza 2014 kama siku moja, mwaka uliofuata ikawa wiki. Dubu wa Brooks wana namba, wengine na majina. Wanawekwa picha mbili, ya Julai akiwa mifupa na ya Septemba akiwa amejaa tumbo linaburuta chini, wanapambanishwa wawili wawili kwa mtoano, watu wanapiga kura kwenye intaneti. Kura zinapita milioni moja. Dubu 747, mtu wa zaidi ya kilo 600, kachukua 2020 na 2022.

Na hiyo 2022 kwenye nusu fainali kura zikaibwa. Kura kama 9,000 za bandia zikaingizwa kumpa dubu Holly. Wakashtuka, wakazifuta, 747 akapita.

Mzee_Kijana

Hahahaha! Kumbe hata dubu wanajaziwa masanduku! Nimelala nikiwa na amani.

Kipara_wa_Ilemela

Sikiliza: waligundua NA wakazifuta. Hapo ndipo tulipoachana.

Mtoa_Mabondo

Tusiingize siasa, uzi utahamishwa jukwaa.

Ila msione mchezo tu. Unene ule ni uhai. Dubu akiingia shimoni wakati wa baridi anakaa karibu nusu mwaka bila kula, anatoka amepoteza hadi theluthi ya uzito. Jike anazaa humo humo, ananyonyesha akiwa hajatia kitu mdomoni. Asiponenepa hakuna mtoto.

Na kwenye maporomoko hakuna huruma. Julai 2024 watoto wawili wa jike 128, Grazer, walichukuliwa na maji wakadondoka chini, dume 32 anayeitwa Chunk akawashambulia, mmoja akafa. Oktoba, kwenye fainali, wakakutana Grazer na Chunk. Watu wakampa mama kura. Mwaka huo huo, mwishoni mwa Septemba, dume 469 alimuua jike 402 kamera ikiwa hewani, wakaahirisha kutangaza ratiba ya kura. Na 2025 Chunk, safari hii taya limevunjika, akashinda. Ndio hao hao watazamaji.

Mama_Nuru

Kuna yule mzungu aliyekuwa anaishi na dubu akaliwa, si huko?

Mtoa_Mabondo

Huko huko, lakini pwani, Kaflia. Timothy Treadwell. Alikaa na dubu kiangazi 13, Oktoba 2003 akauawa pamoja na mwenzake Amie Huguenard. Walikuwa wa kwanza kujulikana kuuawa na dubu ndani ya hifadhi ile. Brooks ukilitaja jina lake askari wanabadilisha mada. Sikuuliza mara ya pili.

Mvuvi_Kigoma

Mkuu, swali la mtu wa ziwa. Nyie mnakata mamilioni ya samaki mdomoni mwa mto. Dubu wanabakiwa na nini? Sisi 2024 serikali ilifunga ziwa Tanganyika miezi mitatu, tulinuna, dagaa wakapanda bei.

Mtoa_Mabondo

Hili swali nilikuwa nalisubiri. Kwenye mto Naknek juu kidogo kuna minara kila upande. Watu wanakaa pale juu usiku na mchana wanahesabu samaki wanaopanda. Kwa mkono, kwa kubonyeza kidude. Lengo ni wapite wasiopungua laki nane ndipo mambo yawe sawa. Hesabu ikiwa nyuma, uvuvi unafungwa leo hii, boti zinatia nanga, sisi kiwandani tunakaa tunacheza karata bila ovataimu. Hesabu ikitimia, redio inatangaza saa ya kufungua. Hakuna kufunga miezi mitatu, wanafunga kwa saa.

Ule mwaka wa 2022 ghuba nzima ya Bristol walirudi salmoni milioni 79, haijawahi kutokea. Tulikata hadi visu vikawa vinakataa. Na bado pale juu nilikuta dubu wanachagua! Samaki wakiwa wengi dubu mzoefu hali nyama. Anachuna ngozi, anakula mayai na ubongo, mwili anauachia mkondo, shakwe wanaudaka chini. Nikasema huyu bwana ametuzidi, mapanki kamili, yaani mifupa ya samaki, anayatupa na minofu juu yake.

Mvuvi_Kigoma

Kufunga kwa saa. Nimeelewa. Sisi kwetu wa kuhesabu dagaa nani.

Bint_Pangani

Na wewe ulimpenda dubu gani?

Mtoa_Mabondo

Otis. Namba 480. Kashinda mara nne, ya mwisho 2021. Nilipomwona 2022 alikuwa mzee, meno makubwa mawili hana. Vijana wanagombana juu ya maporomoko, wanaruka, wanapiga maji, wanakosa. Yeye ana pembe yake upande wa pili, wanaiita ofisi. Amekaa maji kifuani, hatikisiki. Nikadhani amelala. Halafu kichwa kinashuka taratibu, kinapanda na samaki. Anakula. Anakaa tena. Nilisimama nikamtazama zamu yangu yote, nikaandika jina tena, nikasubiri, nikarudi kumtazama yeye yule.

Kwenye laini yetu kulikuwa na mzee mmoja wa Kisamoa anakata hivyo hivyo. Hana haraka, na jioni ndiye mwenye kreti nyingi.

Bint_Pangani

Bado yupo?

Mtoa_Mabondo

Mzee wa Kisamoa yupo. Otis alionekana 2023, amechelewa, mifupa mitupu, akanenepa. Tangu hapo hajarudi. Kila Julai mwishoni nikiwa na mapumziko ya dakika kumi na tano nafungua ile kamera, naangalia ile pembe. Msimu uliopita amekaa mwingine.

Kipara_wa_Ilemela

Mkuu nimekutumia ujumbe wa pembeni kuhusu kazi. Wanachukua watu mwezi gani?

Mtoa_Mabondo

Nimeuona. Kama una vibali vya kufanya kazi Marekani, maombi ni Machi na Aprili. Njoo na buti zako, za kule wanakata kwenye mshahara. Na koti la pili.